Miezi ya Kivuli na Kidonge Kichungu

Mimi na jua hatupatani. Sisemi hivyo kwa kujidai, eti niko na ngozi laini. Hapa Mwala nani ana ngozi laini? Jua likinipiga kidogo tu, mashavu yanawaka, vidole vinavimba, na kesho yake siwezi kushika sindano. Na mimi ni fundi cherehani pale sokoni Muthetheni, sindano ndiyo jembe langu. Basi mwaka ule niliobeba mimba niliishi kivulini. Asubuhi nilitandika mkeka nyuma ya nyumba, saa sita nikaingia barazani, alasiri nikahamia mbele. Kivuli kikisogea nami nasogea, nusu macho, nusu usingizini, mpaka nikawa sijui kama ni mimi ninayeizunguka nyumba au nyumba ndiyo inayonizunguka.

Nikikumbuka miezi ile, huwa siikumbuki kama siku. Naikumbuka kama mwanga. Ule weupe wa kiangazi unaofuta vilima, mbuzi wamelala kama mawe, na sauti za wanawake huko chini mtoni wakichota maji kwenye mchanga. Mtoni kwetu maji hayaonekani. Unachimba, unangoja, yanakuja yenyewe polepole. Nilikuwa nalala nikisikia mitungi ikigongana, naota maji, naamka mdomo mkavu, na mtoto ndani ananipiga teke la kuniuliza tumefika wapi.

Ugonjwa wangu daktari wa mjini Machakos aliuita lupus. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na alinieleza kwa upole wake wote.

"Mwili wako uko na askari wa kuulinda. Wa kwako wamechanganyikiwa. Badala ya kufukuza wezi, wanapiga wenye nyumba."

"Si ndivyo askari wote walivyo?" nikamjibu.

Alicheka hadi akavua miwani. Tangu siku hiyo tukapatana.

Nilikuwa nakunywa dawa mbili. Moja kubwa ya kulinda figo, nyingine ndogo ya kila siku, chungu ajabu ukiivunja. Nilipomwambia kwamba mimi na mume wangu tunataka mtoto, hakucheka tena. Alisema ile kubwa ya figo inaharibu mtoto tumboni, isikutane na mimba hata siku moja. Endelea kupanga uzazi, akasema, kwanza tuibadilishe, tukupe nyingine ambayo mimba inaivumilia, halafu tungoje ugonjwa utulie kabisa.

"Na hii ndogo?" nikauliza. "Si nayo tuitupe tu?"

"Hii usiiguse!" Alinyoosha kidole kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Hii ndiyo inawaweka wale askari chini. Inakulinda wewe, inamlinda na mtoto. Wamama wakipata mimba wanaogopa dawa zote, wanaacha hata hii, halafu wanaletwa hapa wamebebwa."

Tulingoja. Kungoja mimba huku unaizuia ni jambo la kuchekesha, ukitaka kucheka. Majirani walishaanza kunitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Mimi ulimi wangu hauna breki. Mmoja aliponiuliza tunangoja nini, nikamwambia tunangoja yeye amalize kulea wake kwanza. Mume wangu alinivuta mkono tukaondoka. Yeye ni mtu mpole, dereva wa trekta kwenye mashamba ya upande wa Konza, anakuja nyumbani mwisho wa juma akinuka dizeli na vumbi.

Kisha ugonjwa ukatulia, daktari akatoa ruhusa, na mimba ikaingia kimyakimya kama mgeni anayejua mlango.

Nilianza kutapika. Mwaitu akahamia jikoni kwangu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na huyu ni mama wa mume wangu. Nyumba yake iko hapohapo bomani, ng'ambo ya zizi la mbuzi. Huku kwetu mimba ya kwanza si ya mke peke yake. Mama mkwe anashika mwiko, na wewe unakaa. Nilikuwa nimeogopa hiyo siku, maana mimi sipendi kupikiwa wala kuamriwa, lakini vidole vyangu asubuhi vilikuwa vimekaza, na haki ya Mungu, yule mama alijua kupika uji. Uji wa wimbi na mtama, mwepesi, wa moto, harufu yake inakufuata hadi kwenye ndoto.

Shida ilikuwa kile kidonge kidogo kichungu. Kila nikikimeza kizima kinarudi. Daktari akasema basi kipondwe, kichanganywe na chakula, ilimradi kiingie tumboni. Nikampa Mwaitu kazi hiyo kwa sababu vidole vyangu havikuweza hata kukitoa kwenye karatasi yake.

Asubuhi ya kwanza namkumbuka vizuri. Amesimama mlangoni mwa jikoni, kijiko mkononi. Amekiponda kile kidonge na mgongo wa kijiko kama tunavyoponda dawa ya minyoo ya mbuzi, kisha akalamba kidole. Mwaitu hulamba kila kitu: chumvi, udongo wa shamba jipya, dawa ya ng'ombe. Safari hii kidole kilibaki mdomoni.

"Hii ni dawa ya nini?" akauliza.

"Ni ya huu ugonjwa wangu, Mwaitu. Daktari anasema ni ndugu ya zile dawa za malaria za zamani."

"Na unakunywa na mimba?"

"Ndiyo. Kila siku."

Alikoroga uji muda mrefu, akaniletea. Ulikuwa mchungu hadi machozi yakanitoka. Nikaumaliza.

Ikawa hivyo siku chache tu. Kisha asubuhi moja nikaonja, nikashangaa. Uji ulikuwa mtamu. Asali, na chini ya asali hakuna kitu.

"Aiya! Mwaitu, umefanya aje?"

"Nimeongeza asali," akasema, na akageukia sufuria.

Sijui nieleze vipi utamu wa uji ule. Nilikuwa nakunywa polepole nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, ukuta bado una baridi ya usiku, na njiwa wanaitana juu ya mabati. Nilihisi napendwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na sikumbuki nikiandaliwa kitu kitamu na mtu mzima aliyekaa hapo kunitazama nikikimaliza. Mwaitu alinitazama. Aliketi kwenye kigoda, mikono magotini, na nikilamba bakuli anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo. Mume wangu alipokuja nilimwambia, mama yako ana ujanja wa kushinda famasia nzima. Akafurahi. Mwanaume gani hafurahi mke akimsifu mama yake?

Wiki zikapita katika ule mwanga. Tumbo likakua. Nikashona mashuka madogo kwa vitambaa vilivyobaki kazini.

Halafu magoti yakaanza. Nikasema ni uzito. Vidole vikawa kama ndizi, nikasema ni joto. Asubuhi nikaamka macho yamefumba kwa uvimbe, na kwenye kioo yale mabaka mekundu yamerudi mashavuni, ingawa jua lilikuwa halijanigusa. Nikasema... sikusema kitu. Mwaitu ndiye alisema. "Mwiitu wakwa, binti yangu, twende mjini leo." Akavaa kitambaa chake cha kanisani, akafunga safari pamoja nami.

Kliniki ilikuwa imejaa. Nakumbuka dirisha, na vilima vya Iveti nje yake vimevikwa ukungu, nami nikiviangalia kana kwamba nina wasaa wote duniani. Walipima presha, wakapima tena. Walipima mkojo. Daktari akaketi mbele yetu, na safari hii hakuvua miwani.

"Protini kwenye mkojo iko juu. Presha imepanda. Ugonjwa umeamka, na umeelekea figo." Akanitazama. "Ile dawa ndogo unakunywa?"

"Kila siku, daktari."

"Hujaruka hata moja? Niambie ukweli, sitakugombeza."

Nikaudhika. Mimi nikisema kitu nimesema. "Muulize Mwaitu hapa, yeye ndiye ananipondea. Tena siku hizi hata uchungu siusikii. Amepata njia yake. Ni tamu kabisa!"

Nilisema hivyo nikitabasamu. Nikamgeukia Mwaitu ili apokee sifa yake.

Daktari naye alikuwa ameshamgeukia.

"Mama," akasema taratibu, "ile dawa hata uitie asali ya mzinga mzima, haiwezi kuwa tamu."

Mwaitu alikuwa anaangalia mikono yake. "Ni mimi," akasema. "Sikuitia. Nilikuwa naifukia kwenye shamba la kunde."

Watu husema kwamba habari kama hiyo ikikupata unapigwa na butwaa. Mimi nilipigwa na hasira. Nilisimama, nikashika tumbo, nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa kwa sababu huyo ni mama mkwe wangu na nchi ina mila zake. Nilimwita mchawi. Hilo moja nalisema. Nilimuuliza mtoto wa mwanawe amemkosea nini. Daktari aliniacha niseme. Nilipoishiwa na pumzi akaniketisha, kisha akamuuliza Mwaitu swali ambalo mimi sikuliuliza.

"Kwa nini, mama?"

Basi akatueleza, kwa sauti ya kanisani, Kiswahili na Kikamba vikiwa vimefumwa pamoja. Alikuwa na binti, kifungua mimba wake, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa sekondari, ana sauti nzuri, anaimba kwaya ya kanisa. Alishikwa na mimba na hakumwambia mtu. Huku kwetu kila mwanamke wa umri wa Mwaitu anajua jambo hili ingawa hakuna anayelitaja: zamani zile msichana akiwa na shida hiyo alizitafuta zile tembe chungu za malaria, akameza konzi. Binti wa Mwaitu alizikoroga kwenye kikombe. Alipoanguka, mama yake aliokota kikombe akalamba kilichobaki, apate kujua mtoto amekunywa nini.

"Ule uchungu naujua," akasema. "Nikiukuta mahali popote nitaujua. Nikaukuta kwenye uji wa huyu."

Watu waliambiwa msichana alikufa kwa malaria. Mume wangu, aliyekuwa bado anatambaa, alikua akiambiwa hivyo hivyo: dada yako aliuawa na malaria. Nami nilipoolewa niliambiwa hivyo.

Daktari akavuta kiti chake karibu na Mwaitu, si karibu na mimi, na nakumbuka hilo liliniuma kwa wakati ule. "Mama, pole sana. Hujakosea ladha. Hizi dawa ni ndugu kweli. Lakini kidonge kimoja kilichopimwa si konzi. Hiki hakitoi mimba. Tumekitumia kwa wamama wengi. Ile inayoharibu mtoto tuliiondoa mapema, tukangoja, ndiyo kazi yote tuliyofanya na huyu binti yako. Sasa huu ugonjwa ukiachwa, ndio utakaomtoa mtoto. Umenielewa?"

"Nimeelewa," akasema Mwaitu. Alikuwa mdogo sana kwenye kile kiti.

Nililazwa siku hiyohiyo.

Wodi ilikuwa ndoto ya namna nyingine. Waliniongezea dawa za kutuliza uvimbe, zile zinazofanya uso uwe duara kama sufuria, wakanipa za presha, wakarudisha kidonge kichungu. Nililala ubavu, nikisikiliza tumbo. Mtoto alikuwa hapigi teke tena kama zamani. Alikuwa anasogea tu kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani asiamshe wenzake. Mchana ukungu unatoka vilimani, unarudi. Nilikuwa nahesabu mateke na kusinzia, na nikisinzia naota niko kwenye mchanga wa mto nachimba na maji hayaji. Naogopa kulala, naogopa kuamka. Sijawahi kuogopa vile na naomba nisiogope vile tena.

Mwaitu alikuja kila siku. Kutoka Mwala hadi mjini, kila siku, na uji kwenye chupa. Sikuunywa. Nilimgeuzia mgongo. Mume wangu aliomba ruhusa kazini akaja akakaa katikati yetu kama mtu aliyeketi kati ya meko mawili. Nilikuwa nimemwambia mama yake aliacha kunipa dawa; sababu sikumwambia. Siri haikuwa yangu. Alimuuliza mama yake, naye akasema tu, "Niliogopa." Hasira hasara, mume wangu akaniambia siku moja. Nikamwambia hiyo hasara na niipate.

Vidonge nilivishika mwenyewe, chini ya mto. Manesi walikuwa wachache, wagonjwa wengi, na vidole vyangu bado vilikuwa magogo. Kila asubuhi nilipambana na ile karatasi mpaka jasho linanitoka.

Kisha ikaja asubuhi ambayo sikuweza. Kidonge kilinitoka, kikaanguka kwenye shuka. Nikakiokota, kikaanguka tena. Mwaitu alikuwa ameketi kando, mikono magotini, vilevile alivyokaa akinitazama nikinywa asali yake. Hakunyoosha mkono. Hakusema nikusaidie. Alikitazama tu kile kidonge kwenye shuka jeupe.

Nilikuwa bado namchukia, msidhani nilikuwa nimesamehe. Lakini mtoto alikuwa hajasogea tangu alfajiri, na nilichokuwa nacho cha kumsaidia ni kile kidonge, na hapo chumbani aliyekuwa na vidole ni mmoja tu.

"Mwaitu," nikasema. "Nipondee."

"Mimi siwezi," akasema. "Usinipe mimi. Mkono wangu umeua mmoja, ulikuwa unaua wa pili."

"Wa kwanza hukumuua wewe. Na huyu bado yuko. Ponda!"

Akaponda. Alilia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Aliponda hadi kikawa unga kabisa, akautia kwenye uji, akakoroga, akalamba kijiko. Akakunja uso wote. "Iko," akasema. Akaninywesha kijiko baada ya kijiko, naye akimeza mate kila nilipomeza. Mchungu! Sijawahi kufurahia kitu kibaya namna ile. Nikiwa nimefika katikati ya bakuli mtoto akajigeuza, teke dogo chini ya mbavu. Daktari baadaye alisema ni chakula kilichomwamsha, si dawa. Dawa hiyo haifanyi kazi kwa dakika. Najua. Lakini niliushika mkono wa Mwaitu nikauweka pale, akalisikia la pili.

Hatukufika mwisho wa miezi. Presha ilipanda tena na wakamtoa kabla ya wakati wake, binti, mdogo kama mkate, anapumua kwa shida lakini anapumua. Mimi nilikuwa na mirija na homa, siwezi hata kuketi. Watoto wa namna hiyo huku huwekwa kifuani pa mtu, ngozi kwa ngozi, joto la mtu ndilo linalowakuza. Nesi akauliza ni nani atakayembeba wakati mama anapona. Mume wangu akaanza kufungua shati. Nikasema, mpeni Mwaitu.

Baada ya siku chache waliniketisha kwenye kiti cha magurudumu, mume wangu akanisukuma hadi chumba cha watoto. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kile kina joto na mwanga hafifu, kila mtu anaongea kwa mnong'ono. Mwaitu alikuwa ameegemea ukuta, blauzi wazi, mtoto amefungwa kifuani pake kwa leso, kichwa chake kidogo chini ya kidevu cha bibi. Alikuwa anaongea naye. Hakutuona.

Alikuwa anamweleza habari za shangazi yake. Jinsi alivyoimba, sauti ya kwanza. Jinsi alivyopenda maembe mabichi na chumvi. Alimweleza na yale mengine, kikombe na mimba, wazi wazi, na jina la msichana alilitaja, jina ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa bomani kwetu bila malaria kufuata nyuma yake. Nilihisi mikono ya mume wangu ikikaza juu ya kiti. Sikugeuka kumtazama. Nilimwacha asikie.

"Tulimtafutia gari," Mwaitu alikuwa anamwambia mtoto, "lakini lilichelewa. Nilimbeba hivi hivi ulivyo wewe, kifuani, mtu mzima yule, nikamfunika na kila nguo iliyokuwa ndani ya nyumba. Nikamsugua mikono. Nikamsugua miguu."

Akaweka kiganja mgongoni pa mtoto, juu ya leso, akakiacha hapo muda mrefu.

"Wewe una joto," akamwambia.